Mwaka wa Mtihani wa Maumbo

Rukia alifika mtaani kwetu Galbet siku ya tatu ya msiba wa abti Hirsi. Alikuja na gari la mwanawe kutoka Nairobi, na wanawake waliokuwa mkekani wakasogeana kumpisha bila kumjua. Mimi nilimjua kwa namna alivyovua viatu: anakanyaga kisigino cha kimoja kwa ncha ya kingine, bila kuinama, vilevile kama alivyofanya mlangoni kwa Bi Mwanaidi tulipokuwa wasichana. Alinipa mkono, akasema maneno ya msiba kwa sauti ya chini, akaketi. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi sana. Tulikunywa chai, tukasikiliza dua kutoka upande wa wanaume, na watu walipopungua akaniinamia. "Dahabo," akaniuliza, "mlipatana?" Nikajifanya sikuelewa. "Wewe na abti wako. Kuhusu ile siku." Nikamwambia tulipatana. Hakuniuliza tulipatanaje, nami sikuwa na nguvu ya kusimulia mbele za watu. Usiku huo sikuweza kulala kwa kufikiria kwamba kati ya wale waliokuwamo katika kile chumba cha darasa siku ile, tuliobaki hai ni sisi wawili, na kwamba hata yeye anajua nusu tu.

Abti ni ndugu wa kiume wa mama. Kwetu yeye huniita abti nami humwita abti. Jina ni moja, linakwenda na kurudi. Mwaka ule nilikaa kwake kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na shule, na binti hakutakiwa kutembea sana barabarani. Ulikuwa mwaka wa katikati ya vita. Serikali iliviita vita vya shifta, yaani majambazi. Wazee wetu hawakuvipa jina, walisema tu "haya mambo". "Kabla ya haya mambo." "Haya mambo yakiisha." Jua likizama hakuna aliyetoka, na mchana pia watu walitembea wakiwa wameshika vipande vyao vya utambulisho mkononi, kama mtu anayepeleka kitu mahali. Abti alikuwa akikusanya maziwa kutoka kwa wanawake waliokuja nayo pembeni mwa mji, akiyabeba kwa punda mpaka hospitalini. Mwanzoni mwa mwaka asubuhi zetu zilikuwa na anjera iliyomwagiwa samli na sukari, na chai yenye maziwa ya ngamia iliyopikwa mpaka ikawa nyekundu. Kisha wafugaji wakazuiwa kusogeza mifugo karibu na mji, samli ikakatika, halafu sukari, na mwisho tukawa tunakunywa chai ya rangi na uji wa mahindi ambao Ayeeyo, bibi yangu, aliuita chakula cha punda ingawa aliumaliza.

Bi Mwanaidi ndiye aliyeleta habari ya mtihani. Alikuwa mwalimu wetu, mwanamke wa pwani, mume wake alikuwa akifanya kazi ya dawa hospitalini, nao walipewa nyumba ya mawe ya chumba kimoja na ukumbi mdogo. Alituita mimi na Rukia baada ya masomo akatuambia kwamba kuna shule ya sekondari ya wasichana huko bara, yenye bweni na maabara, inayotaka kuchukua wasichana kutoka kwetu. Kwa kuwa Kiingereza chetu kilikuwa hafifu kuliko cha wenzetu wa bara, wangetupima kwa maumbo, si kwa maneno. "Hakuna cha kusoma humo," akasema. "Kuna cha kuona. Na kuna saa inayokimbia." Akachukua kipande cha mkaa, akachora sakafuni miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Katika minane aliweka vitu: duara, pembetatu, mshale, nukta. Wa tisa aliuacha mtupu. Chini akachora majibu sita yanayofanana kama ndugu, akatuambia tuchague lipi linajaza pengo.

Tulichagua vibaya sote. Nakumbuka alivyocheka, si kwa dharau, akaenda kuzima jiko la mafuta ya taa maana wali ulikuwa umeiva, akarudi akakaa nasi sakafuni. "Kosa lenu ni moja. Mmeanza na majibu. Majibu yametungwa na mtu anayetaka mkosee. Yafunike kwa kiganja." Tukayafunika. "Sasa tazameni safu ya juu peke yake. Jiulizeni kitu kimoja tu: nini kimebadilika? Kimegeuka? Kimeongezeka? Kimepotea? Mkikipata, nendeni safu ya pili mkione kama kinafanya vilevile. Kikifanya vilevile, hiyo ndiyo kanuni. Kwa kanuni hiyo safu ya tatu mtaimaliza wenyewe kichwani, ndipo mfunue majibu na kutafuta mnachokijua." Ikiwa ndani ya mraba mna vitu vitatu, akasema, tusivishike vyote. Tufuate mshale peke yake, tufute majibu ambayo mshale wake hauko sawa. Mara nyingi yatabaki mawili. Kisha tufuate nukta, na litabaki moja. "Na umbo likikukatalia," akasema, "liache, nenda la mbele. Hukuolewa nalo."

Miezi iliyofuata sehemu kubwa ya maisha yangu ilikuwa pale ukumbini. Pazia lilikuwa la kanga iliyochakaa, na mchana wa joto upepo wa mtoni uliingia kupitia hapo ukiwa na harufu ya matope. Bi Mwanaidi alichora akiwa anakaanga vitunguu, akiwa anamsuka mtu, akiwa anasikiliza redio ya mumewe. Juu ya meza palikuwa na saa ya kengele, ya kijani, yenye mlio mkali, na yeye aliitega kisha akaondoka bila kutuambia ameitega kwa muda gani, ili tuzoee kutoijali. Rukia alikuwa na jicho. Alitazama kidogo akasema "la nne", na ukimwuliza kwa nini la nne, alikunja midomo. Mara alipata, mara alikosa. Mimi mwanzoni nilikuwa mzito. Nilitaka kuhakikisha kila kitu mara mbili. Lakini kanuni zilipokaa kichwani nilianza kukimbia, na kabla ya mvua kuja nilikuwa nafika mwisho wa karatasi huku Rukia yuko katikati, bila kosa. Sijawahi kuhisi tena vile nilivyohisi wakati ule. Nimezaa, nimefanya biashara, nimekwenda Makka. Lakini ile hali ya kutazama mraba mtupu na kujua kilichomo kabla sijaambiwa, sikuipata kwingine. Hata nilipokuwa nyumbani nikipepeta mahindi nilisikia raha ya ajabu, kama mtu aliyegundua kuwa ana mkono wa tatu.

Nyumbani hawakuwa wamekubaliana kuhusu safari yangu. Chumba nilicholala na Ayeeyo kilitenganishwa na ukumbi kwa mikeka tu, na jioni moja niliwasikia. Ayeeyo alisema, "Utampeleka msichana mkubwa kwa watu ambao hatujui hata wanachinja vipi." Nilisikia abti akiweka kikombe chini. "Na hapa nimweke kwa ajili ya nini, mama?" akasema. "Nimsubirishe nini? Kila wiki nazika mtu au namtafuta mtu. Huko angalau analala." Ayeeyo akamwambia kuna mtu wa Wajir ameuliza habari zangu, mtu mwenye heshima. "Aulize tena baada ya miaka minne," akasema abti. "Watu wakisema, watanisema mimi. Mwache aende." Sikuwa nimewahi kumsikia akimjibu mama yake hivyo. Nilijifunika shuka nikajifanya nimelala, na asubuhi yake nilimmiminia chai kwanza yeye kabla ya wote. Hakuelewa kwa nini.

Siku ya mtihani ilikuwa ya msako. Tangu alfajiri askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta wanaume, na Bi Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyekuja kutuchukua, akatupitisha njia ya nyuma mpaka shuleni, mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Msimamizi alikuwa Mzungu mrefu mwenye ngozi iliyobabuka puani. Aliongea kwa Kiingereza, na Bi Mwanaidi akawa anatafsiri kwa Kiswahili: msiguse karatasi mpaka mwambiwe, msisemezane, atakayetoka chumbani harudi. Tulikuwa wasichana wachache, wengine wameletwa kutoka mbali kwa malori ya askari. Niliwekwa dirishani. Dirisha lilikuwa na wavu wa waya bila kioo, na nje yake palikuwa na ua mdogo, kisha seng'enge, kisha barabara. Rukia alikaa nyuma yangu. Mzungu akatazama saa yake ya mkononi akainua kidole, tukaanza.

Yalikuwa rahisi. Nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu ndilo jambo linaloniuma. Maumbo ya mwanzo niliyajibu bila kufunika majibu. Ya katikati yalikuwa na mishale inayogeuka na mistari inayojumlishana, na kila moja lilifunguka nilipoligusa. Lilikuwepo moja lililonikatalia, nikaliacha nikaenda mbele. Nilisikia lori likisimama barabarani na amri zikitolewa, lakini sauti kama zile tulikuwa tumezizoea kiasi kwamba sikuziweka maanani. Nilikuwa nimebakiwa na ukurasa wa mwisho. Ndipo nikasikia jina langu. Lilisemwa kwa sauti ya abti, mara moja, "Dahabo", si kwa kelele, bali kwa ile sauti ya mtu anayeita mtu aliye chumba cha pili.

Niliinua kichwa. Alikuwa juu ya lori, sehemu ya nyuma, amesimama kati ya wanaume wengi, kofia yake imeanguka. Punda wake alikuwa amesimama kando ya barabara na madumu yake. Sikufikiri. Watu wameniuliza nilifikiri nini, na jibu ni kwamba sikufikiri. Niliweka kalamu, nikapita mbele ya Bi Mwanaidi aliyenyoosha mkono kunishika, nikatoka.

Koplo aliyekuwa kwenye lori aliniambia, "Msichana, rudi shule." Nikamwambia, "Afande, huyu ni mjomba wangu. Anapeleka maziwa hospitali." Akasema kila mtu wa hapa anapeleka maziwa. Abti naye akaanza kusema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akiharakisha: "Mimi hana fita, bwana. Mimi maziwa tu. Uliza hosbitali, uliza daktari." Koplo akamwambia anyamaze. Nikasema tena, taratibu, kwa Kiswahili cha Bi Mwanaidi, nikamtajia jina la mume wake pale hospitalini, nikamwonyesha yule punda. Yule koplo alinitazama muda mrefu. Alikuwa kijana, midomo imepasuka kwa jua. "Nani alikufundisha kusema hivi?" Nikamwambia mwalimu wangu yuko ndani. Akafikiri, akamwambia abti ashuke akae chini kando ya seng'enge, akawashusha na wazee wawili wakakae naye. Nikakaa nao mavumbini, maana nilihofia nikiondoka atapandishwa tena. Baadaye akaja ofisa, akawatazama wale waliokaa, akasema hawa wazee waende nyumbani. Lori likaondoka na waliobaki. Baadhi yao walirudi na baadhi hawakurudi mpaka leo.

Niliporudi darasani wenzangu walikuwa wanatoka. Mzungu alikuwa anafunga karatasi kwa uzi, na yangu ilikuwa juu ya meza peke yake, imepigwa mstari kutoka kona hadi kona. Bi Mwanaidi alikuwa akimsihi kwa Kiingereza. Yule Mzungu hakuwa mtu mkali. Aliinamisha kichwa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu kifupi. Bi Mwanaidi hakunitafsiria. Jioni alikuja nyumbani na sahani ya wali wa nazi aliyoifunika kwa kitambaa, akaniambia kwamba aliyapitia majibu yangu kwa macho kabla hayajachukuliwa, na hakuona kosa. Nadhani alitaka kunifariji. Afadhali angenyamaza. Wali ule ulikuwa chakula kitamu kuliko vyote tulivyokula mwezi ule, na sikumeza hata tonge moja.

Abti alikaa mlangoni na kuniuliza, bila kunitazama, "Kwa nini ulitoka?"

"Uliniita."

"Sikukuita."

"Nilisikia, abti. Ulisema Dahabo."

"Sikukuita," akasema. "Ulitoka mwenyewe. Yule ofisa angetushusha tu, sisi ni wazee. Umejiharibia bure." Wakati huo hakuwa mzee, hata ndevu zake zilikuwa nyeusi. Ayeeyo akasema kwamba Mungu ndiye aliyepanga, na kwamba yule mtu wa Wajir bado anauliza.

Rukia alipata nafasi. Siku moja kabla hajaondoka kwa msafara wa malori alikuja kuniaga, amepakwa hina kama bi harusi. Tulikaa nyuma ya nyumba tukila kunde, naye akaniambia, "Nilisikia sauti nje, lakini sikuinua kichwa. Sijui iliita nani." Kisha akasema, "Ningekuwa mimi dirishani, na yule angekuwa baba yangu, sijui." Nilimwonea hasira kwa kusema hivyo, nikamwonea hasira pia kwa kanzu yake mpya ya shule, kwa viatu vyake, kwa kila kitu. Nilimkumbatia kwa mikono mikavu. Yeye alilia, mimi sikulia. Nilidhani mwaka ujao nitafanya mtihani tena. Lakini mwaka uliofuata watu walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, Bi Mwanaidi na mumewe wakahamishwa, na kutoka pale shuleni hakuna msichana mwingine aliyepelekwa bara kwa muda mrefu. Mimi nikaolewa. Mume wangu alikuwa mwema, Mungu amrehemu, nami niliuza vitambaa sokoni mpaka magoti yakakataa. Silalamiki juu ya maisha hayo. Ninasikitika kwa yale mengine ambayo sikuyaona, na kusikitika huko hakukupungua kwa kuzeeka kama nilivyoahidiwa.

Ninachojutia zaidi, hata hivyo, ni miaka tuliyoipoteza mimi na abti. Hatukugombana. Nilimtembelea kila Idi, nilimpelekea nyama, nilikaa na mkewe. Lakini lile neno lake, "sikukuita", lilikaa kati yetu kama samani nzito ambayo kila mtu anaizunguka. Kwenye harusi za watoto, mtu akitaja mambo ya shifta, yeye aliinuka akaenda kutawadha hata kama wakati wa sala haujafika. Mimi nikawa namjibu kwa ufupi. Alikuwa mcheshi kwa watu wote, na kwangu akawa mwangalifu, akichagua maneno. Nilijiambia kwamba mtu niliyemshusha kwenye lori hawezi hata kunipa ukweli mmoja. Nilijiambia hivyo kwa muda mrefu mno, mpaka nikasahau kumpenda waziwazi.

Miaka miwili kabla ya kufa, macho yake yalizimika. Wanawe walikuwa mbali, mmoja anafanya biashara Ifo, kambi ya wakimbizi, mwingine ng'ambo, kwa hiyo nikamleta nyumbani kwangu, katika chumba cha mbele chenye kivuli. Asubuhi nilimkalisha kitandani na kumpa chai ya maziwa. Siku moja, pasipo kuanzia popote, akasema, "Abti, ule mtihani. Ulikuwa unauliza nini hasa?" Nikagundua kwamba hakuwa amewahi kujua. Alipigana na mama yake kwa ajili ya kitu ambacho hakukijua.

Nikachukua kiganja chake, nikachora kwa kidole. Nilimchorea duara moja, kisha mawili, kisha matatu. Chini yake pembetatu moja, mbili, tatu. Chini kabisa mraba mmoja, miwili, kisha nikaacha. "Hapa pana pengo," nikamwambia. "Wanataka ujue kinachokosekana." Alifikiri, uso umeinamia mkono kana kwamba anauona. "Miraba mitatu," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua mingi kama hii?"

"Mingi, tena migumu kuliko hiyo. Nilikuwa mwepesi sana, abti."

Alibaki na kiganja wazi mapajani kwa muda. Nje watoto wa jirani walikuwa wakirudi kutoka madrasa. Kisha akasema, "Nilikuita."

Nikamgeukia.

"Nilikuona dirishani umeinama. Nilijiambia nisifungue mdomo. Lori lilipotikisika kutaka kuondoka nikaogopa, nikakuita. Niliogopa tu. Na ulipotoka nikajua nimefanya nini, na tangu siku hiyo sikuweza kulisema."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo kwa maisha yangu yote ya utu uzima. Nilidhani likija nitapumua. Badala yake nilimwona mzee kipofu, fulana yake imelowa chai kifuani, na nikaona haya kwamba nilimwachia abebe jambo hilo mpaka hapa. Nikamwambia, "Hukuniita, abti. Nilikuona tu kutoka dirishani. Nilitoka mwenyewe."

Akatabasamu kidogo. "Dahabo," akasema, "wewe hujui kusema uongo. Hukuwahi kujua." Kisha akanipa kikombe chake kitupu, akaniomba chai nyingine, yenye sukari zaidi. Nikaenda jikoni, nikaweka maziwa motoni, nikasimama pale nikiyatazama mpaka yakafurika na kuzima moto.